Nguo ya Njiani na Nguo ya Kufikia

Kwetu Tabora, anayerudi kutoka Dar es Salaam kwa sikukuu hupokewa kwanza kwa macho. Kabla hajaulizwa habari za kazi wala za afya, shangazi ameshamtazama kuanzia utosini hadi unyayoni, na jua halitui kabla mtaa mzima wa Isevya haujajua karudi akiwa na hali gani. Ndiyo maana wasafiri wengi wa Desemba huvaa nguo zao bora kuliko zote siku ya kuondoka. Hukaa nazo kitini mchana na usiku, na kushuka stesheni zikiwa zimekunjamana, zimelowa jasho na kushika vumbi, wenyewe wamechoka hata tabasamu linatoka kwa shida.

Bibi yangu mzaa mama, aliyeishi Kwihara, kilomita chache nje ya mji, hakukubaliana na desturi hiyo. "Nguo ya kufikia haivaliwi njiani," alikuwa akisema, "na ya njiani haiingii sebuleni." Kwake safari ilikuwa na nguo za namna mbili, na kila moja ilikuwa na kazi yake na heshima yake. Nimesafiri njia hiyo ya magharibi tangu utoto, kwa treni na kwa basi, na kila mwaka naona zaidi kwamba bibi alikuwa amebeba hekima kubwa. Naiandika ili isipotee.

Namkumbuka akifunga mizigo yetu mwisho wa likizo. Alitandika khanga kwenye mkeka, akapanga vitu kwa kufuata vitakavyohitajika. Karanga, asali ya Sikonge kwenye chupa iliyofungwa vizuri mdomo, na unga wa muhogo vilikaa chini. Juu yake zilikuja nguo za shule. Juu kabisa, mahali ambapo mkono unafika bila kupekua, aliweka nguo ya kufikia. Lilikuwa gauni lililopigwa pasi ya mkaa, likakunjwa mara tatu kwa urefu, likaviringishwa ndani ya khanga safi ili vumbi lisiliguse. Pembeni yake aliweka kipande cha sabuni, kitana na kitambaa kidogo cha kujifutia. Nguo ya njiani tuliivaa. Ilikuwa pamba kuukuu iliyofuliwa mara nyingi mpaka ikalainika, pana kwapani na kiunoni, yenye rangi isiyoonyesha uchafu haraka.

Bibi hakuyatoa hayo kitabuni. Babu yake alikuwa pagazi, mmoja wa maelfu ya Wanyamwezi waliobeba mizigo kati ya Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, na pwani. Kwihara yenyewe ilikuwa kituo cha misafara. Hadi leo lipo pale tembe lililojengwa upya kwa kumbukumbu ya mpelelezi David Livingstone, aliyekaa mahali hapo mwaka 1872 kuanzia Februari hadi mwishoni mwa Agosti, akisubiri mapagazi wa kumpeleka kusini. Tangu mwaka 2006 njia hiyo ya kati ya watumwa na pembe za ndovu imo kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, ikiwa na vituo vya Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Ni njia yenye machungu makubwa, na hakuna anayepaswa kuyapunguza. Lakini ni njia pia ya watu waliojua kutembea masafa marefu kuliko wengi waliowahi kuishi, na ujuzi wao haukuishia kwenye miguu.

Tazama walivyokuwa wakivaa. Wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walitoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 wakafika Tabora, ambako wageni wa wakati huo walikuita Kazeh, mwanzoni mwa Novemba. Ilikuwa zaidi ya miezi minne njiani. Burton, ambaye hakuwa mwepesi wa kumsifu Mwafrika, aliandika jinsi mapagazi walivyoivua ngozi ya mbuzi waliyojitanda, wakaikunja na kuiweka kati ya bega na mzigo. Mvua iliponyesha walifanya vivyo hivyo. Mgeni angeweza kushangaa kwamba mtu anavua nguo mvua inapoanza. Mwenye safari anaelewa mara moja. Mwili ukilowa hukauka kwa muda mfupi, ila ngozi ikilowa hailaliki usiku. Pagazi aliikinga nguo yake ya jioni, na papo hapo akapata mto wa kulinda bega lisichubuliwe na mzigo wa kilo 30 hivi.

Kulikuwa na sababu nyingine. Kwenye njia ile nguo ilikuwa fedha. Merikani, kitambaa cheupe cha pamba kilichopata jina lake kwa sababu kililetwa kutoka Marekani, na kaniki ya buluu iliyokoza kutoka India, vilipimwa kwa shuka na doti. Shuka ilikuwa mikono minne, doti mikono minane. Kwa nguo msafara ulinunua chakula, ulilipa hongo kwa watawala wa Ugogo, na pagazi alipokea ujira wake. Basi mtu aliyevaa doti yake mpya na kupita nayo kwenye miiba ya pori la Mgunda Mkali alikuwa anararua mshahara wake mwenyewe. Mwenye akili aliifunga ndani ya mzigo na kutembea na kipande kikuukuu.

Lakini msafara ulipokaribia mji, mambo yalibadilika. Watu walisimama, wakanawa, wakafungua mafurushi, wakavaa vilivyo bora walivyokuwa navyo. Bendera ilitangulia, ngoma ikapigwa, bunduki zikafyatuliwa hewani, na mji ukatoka kutazama. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyeondoka Bagamoyo Machi 1871 na kufika Unyanyembe Juni, aliufuata utaratibu huo huo alipokaribia Ujiji mwezi Novemba. Nguo alizopita nazo porini zilikuwa zimechanwachanwa na miiba. Akamwagiza kijana wake Selim amtandikie suti mpya ya flaneli, avipake viatu mafuta, kofia yake aipake chaki na kuizungushia kitambaa kipya. Ile suti ilikuwa imesafiri miezi mingi bila kuvaliwa, ikisubiri saa yake. Kila anayelijua tukio la kukutana kwake huko na Livingstone analijua kwa maneno yaliyosemwa. Mimi hulikumbuka kwa hiyo suti.

Hilo ndilo bibi alilokuwa akitufundisha kwa gauni lililoviringishwa kwenye khanga. Safari ina sehemu mbili, na anayetaka nguo moja itumikie zote mbili atakosa starehe njiani na heshima mwishoni.

Reli ilipokuja iliifuata ile njia kwa karibu. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Miezi ya kutembea ikawa siku. Ardhi, hata hivyo, haikubadilika, na hali ya hewa pia haikubadilika. Anayeondoka Dar es Salaam Desemba anaondoka usawa wa bahari, hewa nzito ya unyevunyevu, shati limegandana na mgongo. Anapita mashamba ya mkonge ya Morogoro, anapita Kilosa, anaingia Dodoma penye upepo mkavu. Baada ya bonde la Bahi treni inapanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni na Itigi, na kuanzia hapo hadi Tabora msafiri yuko kwenye uwanda wa juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari. Kama ni Desemba, huenda mvua inapiga madirisha. Kama ni Juni au Julai, usiku wa kule unashuka hadi nyuzi 15 na upepo wa alfajiri unapita kwenye kila mwanya wa behewa.

Hakuna nguo moja inayofaa hali zote hizo. Jibu la bibi lilikuwa kuvaa kwa tabaka, ingawa yeye alisema tu "vaa vinavyovulika." Fulana nyepesi ya pamba chini, shati la mikono mirefu juu yake, sweta begani au kiunoni, na khanga au shuka mkononi. Joto la Pugu linakuta fulana. Baridi ya Itigi inakuta sweta. Mbu wa stesheni za usiku wanakuta mikono mirefu, na hilo si jambo dogo kwa mtu anayepita mikoa yenye malaria msimu wa mvua. Koti zito moja lisilovulika kirahisi ni mzigo mchana kutwa. Vitambaa vya plastiki, hata viwe vinang'aa vipi dukani, hufungia jasho mwilini, na kufikia Morogoro mwenye navyo anajikuna na kunuka. Pamba hunyonya jasho na kupitisha hewa. Tunailima wenyewe Igunga na Nzega, na bado tunaivua tunaposafiri.

Tukiwa wadogo, mama alitupandisha treni ya daraja la tatu mwishoni mwa mwaka, behewa limejaa hadi mlangoni. Mbele yetu alikaa kijana aliyekuwa anakwenda Tabora kujitambulisha ukweni. Alivaa suruali ya kubana na viatu vya ngozi vipya vyenye ncha, soksi nyembamba, shati jeupe lililofungwa hadi kooni. Alipendeza kweli, na kila aliyeingia alimtazama. Usiku, baada ya Dodoma, alivivua viatu kwa kujificha. Kulipokucha miguu yake ilikuwa imevimba, alama za soksi zimezama kwenye ngozi, na kiatu kilikataa kuingia. Alijaribu kwa kijiko, akajaribu kwa kulegeza kamba, jasho likimtoka. Mama alimtazama kwa huruma, akafungua begi akatoa malapa ya baba. "Vaa haya, mwanangu. Inua miguu uiweke kwenye furushi langu, kisha tembea kidogo humu kwenye ujia. Viatu utavivaa tukikaribia kufika." Alitii. Tulipopita Goweko miguu ilikuwa imepungua, na alishuka Tabora amevaa viatu vyake, akitembea vizuri. Alimshukuru mama mara nyingi, na kumwita mama kana kwamba ni wake.

Leo madaktari wanaeleza kwa nini mama alikuwa sahihi. Mtu akikaa muda mrefu miguu ikining'inia, damu na maji hujikusanya chini, na misuli ya mashavu ya miguu isiyofanya kazi haiwezi kuvisukuma juu. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitangaza matokeo ya utafiti yaliyoonyesha kwamba hatari ya damu kuganda kwenye mishipa huongezeka takriban maradufu kwa aliyesafiri saa nne au zaidi akiwa amekaa bila kujongea, iwe kwa ndege, treni, basi au gari. Kwa mtu mwenye afya hatari hiyo ni ndogo. Kwa mjamzito, mzee, mtu mnene sana au aliyefanyiwa upasuaji karibuni ni jambo la kulifikiria na kumuuliza daktari kabla ya safari. Nguo za kubana kiunoni na magotini zinaongeza taabu. Suruali pana, kiuno cha mpira au kamba, viatu vilivyokwisha kuuzoea mguu, na kusimama kila inapowezekana ni kinga isiyohitaji fedha.

Na miguu si kitu cha kufanyia mzaha. Livingstone mwenyewe, aliyekuwa amezoea kutembea maelfu ya kilomita, mwaka 1870 alizuiwa na vidonda vya miguu huko Manyema, akabaki kibandani kwa zaidi ya miezi miwili bila kuweza kuendelea. Kiatu kipya kisijaribiwe siku ya safari. Afadhali katambuga za matairi zilizokwisha kukujua kuliko ngozi ghali inayokuchuna.

Basi lina masharti yake. Sasa barabara ya Manyoni, Itigi hadi Tabora ni lami, na mabasi yanayotoka Dar es Salaam alfajiri hayamezi tena vumbi lile la zamani lililokuwa likigeuza nywele za kila abiria kuwa nyekundu. Lakini ndani ya basi si rahisi kutembea, mengi hayana choo, na mwili unategemea kituo cha kuchimba dawa. Hapo ndipo nguo inapomsaidia mtu au kumwadhibu, hasa mwanamke. Dada aliyevaa suti ya kipande kimoja yenye zipu mgongoni hana namna ya kuchimba dawa kwa dakika tano alizopewa na kondakta, tena kwenye choo cha foleni chenye sakafu ya maji. Nimewaona kina dada wakikataa kunywa maji kutwa nzima kwa sababu ya nguo waliyovaa, wakafika na kichwa kinawauma na mkojo unawachoma. Dera au sketi pana yenye mpira kiunoni, na khanga ya kujifunga juu yake, humpa mwanamke uhuru wa kunywa maji anavyotaka. Afya yake ina thamani kuliko umbo la nguo.

Khanga inastahili sifa zake peke yake. Watengenezaji huiuza kwa doti, vipande viwili, na vyote viwili vina kazi safarini. Kimoja hufunikia kiti chenye jasho la aliyetangulia. Kingine ni blanketi, taulo, mto, mbeleko ya mtoto, na pazia la kubadilishia nguo. Mama alimsimamisha dada yangu kwenye pembe ya behewa, akaishika khanga kwa mikono miwili, na ndani yake mtoto akavua, akajifuta, akavaa gauni safi, bila mtu yeyote kuona hata bega lake. Pindo la khanga nalo lilikuwa benki. Nauli ya mwisho ilifungwa humo fundo dogo na kuchomekwa kiunoni. Wanaume wana msuli na kikoi kwa kazi karibu zote hizo, na wengi wameviacha nyumbani. Kwa fedha nyingi zaidi, mwambie fundi cherehani akushonee mfuko wa ndani wenye kifungo upande wa mbele wa suruali au gauni la safari. Mfuko wa nyuma wa suruali ni wa kitana tu.

Treni ikishapita Igalula mama alikuwa anatuamsha wote. Huo ndio ulikuwa wakati wa nguo ya kufikia. Maji ya chupa yalilowesha kitambaa, nyuso zikafutwa, shingo na masikio yakafuatia, mafuta yakapakwa miguuni, nywele zikachanwa. Nguo za njiani zilikunjwa zikaingia kwenye mfuko wao peke yake, tayari kwa kufuliwa. Tukashuka tukiwa safi, tumelala kiasi, na matumbo yametulia. Bibi alitupokea, tukapiga goti, "Shikamoo bibi," naye akaitikia "Marahaba wajukuu zangu," akitukagua mmoja mmoja kwa furaha. Alijua vizuri kwamba hatukukaa na nguo zile tangu Dar es Salaam, na ndicho kilichomfurahisha.

Nayasema haya kwa msisitizo kwa sababu desturi imegeuka. Vijana wengi sasa huvaa kwa ajili ya picha ya kuondoka, pale stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, saa kumi na moja alfajiri. Picha inachukua dakika moja, na safari inachukua siku nzima. Wazee wetu walikuwa na methali ya haki kuhusu jambo hili: msafiri maskini ajapokuwa sultani. Aliye njiani hana kitanda, hana maji ya kutosha, hana mlango wa kufunga. Kuvaa kama mwenye hivyo vyote ni kujinyima msaada ambao nguo ingeweza kumpa. Hakuna aibu yoyote kuonekana na dera lililopauka ndani ya basi. Njiani sote tu wasafiri, na pagazi aliyejua kuitunza doti yake hakuwa na hadhi ndogo kuliko bwana wa msafara.

Sasa reli ya kisasa inakuja. Tangu mwaka 2024 treni za umeme zinabeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa takriban saa nne, na ujenzi wa kuifikisha Tabora umeendelea. Siku itakapofika, safari yetu itakuwa fupi kuliko mtu wa Kwihara alivyowahi kuota. Hata humo, kiyoyozi kinapuliza baridi kuliko watu wa pwani walivyozoea, na wazee hutetemeka kwa kukosa sweta mkononi. Vyombo vya safari hubadilika haraka. Mwili wa msafiri ni ule ule uliopanda kwa miguu kutoka Bagamoyo.

Kwa hiyo, anayefunga begi kwa Krismasi, kwa Idi au kwa likizo ya mwisho wa mwaka na aanze na watu, si na nguo. Nani ana miguu inayovimba? Nani ananyonyesha? Mtoto gani hutapika kwenye kona? Mzee gani huona baridi upesi? Wao wapangiwe kwanza: pamba pana, tabaka zinazovulika, viatu vilivyozoeleka, khanga ya ziada, nguo moja ya akiba kwa kila mtoto. Kisha nguo ya kufikia ikunjwe vizuri na kuwekwa juu kabisa, pamoja na sabuni. Ndugu wanaotungoja wanastahili kutuona tumependeza, na wanastahili zaidi kutupata tukiwa wazima, tuna nguvu ya kukaa nao, kula nao na kuongea nao jioni ile ile tuliyofika, badala ya kwenda moja kwa moja kulala na kuuguza miguu. Mapagazi waliingia Tabora kwa ngoma kwa sababu walikuwa wamejitunza njiani ili wabaki na nguvu za kucheza. Sisi tunaosafiri kwa kukaa tunaweza angalau kufanya vivyo hivyo.